Chiamaka Nnadozie: binti aliyekatazwa mpira, leo ni mlinda lango bora wa Afrika

Kwa miaka mitatu mfululizo, 2023, 2024 na 2025, Shirikisho la Soka Afrika (CAF) limemtunuku mtu mmoja tuzo ya mlinda lango bora wa kike barani. Ni Chiamaka Nnadozie wa Nigeria. Alipotimiza miaka 24 alikuwa amekwisha kucheza Kombe la Dunia mara mbili, Michezo ya Olimpiki na Ligi ya Mabingwa ya Ulaya. Muda mfupi baadaye akabeba pia CAN ya wanawake. Na yote hayo yangepotea kama angelishika neno moja aliloambiwa nyumbani: wasichana hawachezi mpira.

Aliyemwambia hivyo ni baba yake mzazi.

Nyumba ya wachezaji

Nnadozie alizaliwa Desemba 8, 2000, huko Orlu, katika jimbo la Imo, kusini-mashariki mwa Nigeria. Alikulia katika familia ya mpira. Kama alivyosimulia mwenyewe kwa waandishi wa habari, baba yake alicheza, kaka yake alicheza, na binamu yake pia. Hakuna kati yao aliyefika mbali. Ndiyo sababu baba alikuwa mkali: kama wanaume watatu wa nyumba hii wameshindwa, wewe msichana unatafuta nini huko? Afadhali ushike masomo.

Mzazi wa Goma, Bukavu au Uvira hatashangazwa na maneno hayo. Anayetafuta minerval kila muhula anataka kuona mtoto amepata diploma, si kuona viatu vinaisha uwanjani. Baba huyo hakuwa adui wa binti yake. Alikuwa mtu ambaye mpira ulimwahidi maisha, kisha ukamwacha mikono mitupu.

Lakini binti hakuacha. Alicheza na wavulana, akajikuta golini, na akiwa bado kijana mdogo akachukuliwa na Rivers Angels ya Port Harcourt, moja ya klabu kubwa za wanawake Nigeria. Amesimulia kwamba mwanzoni aliogopa hata kurudi nyumbani kusalimu, kwa hofu kwamba hataruhusiwa kuondoka tena. Aliporudi, alikuja na pesa aliyoipata kwa mpira, akamkabidhi baba. Tangu siku hiyo mazungumzo ya nyumbani yakabadilika.

Penalti ya Rennes

Dunia ilimfahamu Juni 2019, kwenye Kombe la Dunia nchini Ufaransa. Nigeria ilianza vibaya kwa kufungwa 3-0 na Norway. Kwa mechi ya pili, dhidi ya Korea Kusini mjini Grenoble, kocha alibadilisha mlinda lango na kumweka msichana wa miaka 18. Nigeria ilishinda 2-0, na Nnadozie akawa mlinda lango mdogo kuliko wote kumaliza mechi ya Kombe la Dunia la wanawake bila kufungwa.

Siku tano baadaye, mjini Rennes, alikutana na wenyeji Ufaransa. Hadi dakika 15 za mwisho matokeo yalikuwa 0-0. Ufaransa ikapewa penalti, na nahodha msaidizi wa kila shambulio la kichwa, beki mrefu Wendie Renard, akaja kuipiga. Mpira ukagonga nguzo na kutoka nje. Wanigeria wakarukaruka kwa furaha.

Furaha haikudumu. Waamuzi walitazama video, wakaona kwamba Nnadozie aliuacha mstari wa goli kabla mpira haujapigwa. Sheria ilikuwa mpya kabisa, imeanza kutumika mwezi huohuo: wakati wa penalti, mlinda lango lazima awe na walau sehemu ya mguu mmoja juu ya mstari. Renard akapiga tena, na safari hii akafunga. Ufaransa 1, Nigeria 0.

Watu wengi waliona ni uonevu, kwa sababu mpira wa kwanza haukuguswa hata na kidole cha kipa. Siku mbili baadaye yakaipata Scotland: mlinda lango wao aliokoa penalti ya Argentina, ikarudiwa, ikaingia, na Scotland wakatoka mashindanoni. Wakuu wa sheria za mpira wakalazimika kulegeza sehemu moja katikati ya mashindano: kwenye mikwaju ya kuamua mshindi, kipa atakayetoka mapema hatapewa kadi ya njano.

Nigeria ilipita kwenda hatua ya 16 bora, ikatolewa na Ujerumani kwa 3-0. Msichana wa Orlu alirudi nyumbani akiwa amejifunza kwamba hatua moja ya haraka inaweza kugharimu mechi nzima.

Miaka mitano na nusu Paris

Januari 2020 alisajiliwa na Paris FC. Alikuwa na miaka 19. Miezi miwili baadaye Covid ikafunga viwanja vya Ufaransa, na ligi ya msimu huo haikumalizika. Si mwanzo ambao kijana anayeishi ugenini angeutamani.

Paris FC wakati huo haikuwa klabu tajiri ikilinganishwa na Lyon au PSG, ambazo kwa muda mrefu zimegawana nafasi mbili za juu za ligi ya wanawake. Ekipa ya namna hiyo inaposhambuliwa na wakubwa, anayeibeba ni mlinda lango. Chini ya kocha Sandrine Soubeyrand, aliyewahi kuwa nahodha wa Ufaransa, Nnadozie alikuwa nguzo ya klabu hiyo hadi mwaka 2025. Mwaka 2024 alichaguliwa mlinda lango bora wa ligi ya Ufaransa.

Septemba 2023 walipangiwa Arsenal ya Uingereza katika mechi za kufuzu Ligi ya Mabingwa. Dakika 120 ziliisha 3-3. Kwenye mikwaju ya penalti Paris FC wakashinda 4-2. Mwezi uliofuata wakaitoa Wolfsburg ya Ujerumani, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imecheza fainali ya mashindano hayohayo. Ndivyo Paris FC walivyoingia hatua ya makundi kwa mara ya kwanza.

Melbourne: kusubiri

Kati ya mechi zake zote, wengi wanaikumbuka ya Julai 21, 2023, mjini Melbourne, Australia. Ilikuwa mechi ya kwanza ya Nigeria kwenye Kombe la Dunia, dhidi ya Canada, bingwa wa Olimpiki. Mwanzoni mwa kipindi cha pili Canada ikapata penalti. Mpigaji alikuwa Christine Sinclair, nahodha wao, mwanadamu aliyefunga mabao mengi kuliko wote katika mpira wa kimataifa, wanaume na wanawake pamoja: mabao 190. Bao moja tu siku hiyo lingemfanya mtu wa kwanza kufunga katika Makombe ya Dunia sita.

Fikiria kazi hiyo. Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Mpira umewekwa umbali wa mita 11. Anayepiga anachagua upande. Anayelinda lazima asome mwili wa mwenzake na kuruka kwa wakati wake. Akiruka mapema, video inamnasa. Akichelewa, mpira umeshapita. Nnadozie alisubiri, akaruka, akaupangua mpira. Mechi iliisha 0-0.

Nigeria ikaifunga Australia, wenyeji, 3-2, ikatoka sare ya 0-0 na Ireland, na katika hatua ya 16 bora ikaibana Uingereza, bingwa wa Ulaya, dakika 120 bila bao. Ilitolewa kwa penalti 4-2. Katika mechi nne, Nnadozie alifungwa mabao mawili tu kabla ya mikwaju hiyo.

Deni la Rabat

Kilichobaki kilikuwa kombe. Mwaka 2022, mjini Rabat, Nigeria ilitolewa na Morocco katika nusu fainali ya CAN kwa penalti 5-4, baada ya Wanigeria wawili kupewa kadi nyekundu. Mabingwa wa mara nyingi wakamaliza wa nne.

Mwaka 2025 mambo yakageuka. Mei 3, mjini Calais, Paris FC walicheza fainali ya Kombe la Ufaransa dhidi ya PSG, klabu ambayo miezi michache kabla ilikuwa imemsajili mshambuliaji wetu Merveille Kanjinga kutoka TP Mazembe. Dakika 90 ziliisha 0-0, na Paris FC wakashinda kwa penalti 5-4.

Julai ikafuata CAN nchini Morocco. Nigeria ilicheza mechi nne za kwanza bila kufungwa hata bao moja, ikiwemo robo fainali iliyoisha 5-0 dhidi ya Zambia. Kwenye nusu fainali Afrika Kusini ilipata bao lake kwa penalti tu, ikafungwa 2-1. Fainali ya Julai 26 ilikuwa Rabat, dhidi ya Morocco walewale.

Dakika ya 24 Nigeria ilikuwa nyuma 2-0, uwanja mzima ukiimba. Katika hali hiyo kipa ana kazi mbili: kuzuia bao la tatu, na kutuliza mabeki wake. Bao la tatu la Morocco halikuja. Esther Okoronkwo alifunga kwa penalti, Folashade Ijamilusi akasawazisha, na dakika ya 88 Jennifer Echegini akamaliza kazi. Nigeria 3, Morocco 2. Kombe la kumi kwa Super Falcons, na Nnadozie akachaguliwa mlinda lango bora wa mashindano.

Pesa aliyoiogopa baba

Siku mbili baadaye, Rais Bola Tinubu aliwapokea Abuja na kutangaza zawadi ya dola laki moja za Marekani kwa kila mchezaji, pamoja na nyumba. Ni habari njema, lakini isitufumbe macho. Ekipa hiyohiyo, baada ya kutolewa Kombe la Dunia la 2019, iligoma kuondoka hotelini ikidai malipo yake. Mwaka 2022, katikati ya CAN, iligoma kufanya mazoezi kwa sababu hiyohiyo. Hofu ya baba wa Orlu haikuwa ya bure: hata aliyefika kileleni alilazimika kudai haki yake.

Somo kwa wabinti wa kwetu

Kwenye CAN hiyo ya 2025 Léopards dames wetu walikuwepo pia. Walipoteza mechi zote tatu za kundi, dhidi ya Senegal, Morocco na Zambia, na kufungwa mabao 9. Vipaji vipo: Novemba 2024 wanawake wa TP Mazembe ya Lubumbashi walitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kwa kuifunga AS FAR ya Morocco 1-0. Kinachotenganisha ekipa ya taifa na wakubwa ni kazi ya miaka, na kazi hiyo huanzia nyuma, golini.

Tunajua desturi ya viwanja vyetu vya mtaani. Anayewekwa golini ni yule asiyejua kupiga chenga, na kama ni msichana, ndiye anayechekwa kwanza. Nani anamfundisha kuanguka bila kuumia? Nani anampa glavu? Nani anamwambia mzazi wake kwamba mpira na masomo vinaweza kwenda pamoja, ili mtoto asilazimike kuchagua kimoja kwa kuiba? Nnadozie alibahatika kupata klabu mapema. Wengi wenye kipawa kama chake hawakuwahi kutoka nje ya ua wa nyumba yao.

Baada ya Paris, Nnadozie alihamia Brighton ya Uingereza mwaka huohuo wa 2025. Waandaaji wa Ballon d'Or walipoanzisha tuzo ya Yashin kwa walinda lango wa kike, jina lake lilikuwa kati ya matano yaliyoteuliwa. Mshindi alikuwa Hannah Hampton wa Uingereza. Kombe la Dunia lijalo ni 2027, nchini Brazil. Atakuwa na miaka 26, umri ambao mlinda lango ndiyo kwanza anaanza kukomaa.