Kigeugeu si mnafiki

Kigeugeu ni mtu anayebadilika mara kwa mara, hata hakuna awezaye kujua kesho atasimama wapi. Maana ya neno inaishia hapo. Hata hivyo swali haliishi kuulizwa: kigeugeu na mnafiki si mtu yule yule? Si yule yule, na umbo la neno linatosha kulijibu swali hilo kabla kamusi haijafunguliwa.

Mzizi ni wa kitenzi geuka. Umerudufiwa, ukatanguliwa na ki-, kama zunguka ilivyozaa kizunguzungu na mulika ikazaa kimulimuli. Taa inayowaka moja kwa moja haiitwi kimulimuli. Sharti iwake na kuzimika, iwake na kuzimika. Urudufishaji ndio unaobeba wazo hilo la kurudiarudia. Basi mwanasiasa aliyehama chama mara moja, akadumu huko miaka 20, amegeuka tu, hajawa kigeugeu. Wanaompachika jina hilo kesho yake asubuhi wanamhukumu kwa kosa ambalo bado hajalitenda.

Mnafiki ni habari nyingine. Huyu huenda hajabadilika hata siku moja: moyoni ana lake tangu mwanzo, mdomoni ana jingine. Ndumakuwili, ambaye wengi humwita ndumilakuwili, amepewa jina la nyoka anayesemekana kuuma kwa ncha zote mbili, naye huwatumikia mahasimu wawili kwa wakati mmoja. Kauleni vilevile ana kauli mbili zinazokaa pamoja. Hao wote wana la kuficha. Kigeugeu hana: Jumatatu anaunga mkono hoja kwa dhati, Jumatano anaipinga kwa dhati ile ile, Ijumaa anashangaa kuulizwa. Kumwita mnafiki ni kumsifu kwa hila asiyokuwa nayo. Utetezi kwamba “siku hizi watu husema hivyo” unathibitisha jambo moja tu, kwamba kosa limeenea. Kinyonga naye huburutwa katika mjadala huu bure. Mnyama huyo hubadilika rangi kwa joto, mwanga na hasira, wala hana chama cha kukisaliti.

Kuhusu matumizi, mambo ni machache. Kwa umbo neno limo katika ngeli ya ki-vi, lakini upatanisho hufuata uhai, kama ilivyo kwa kiongozi na kipofu: kigeugeu huyu amehama, vigeugeu hawa wamehama. “Kigeugeu hiki” ni ama tusi la makusudi, ama sarufi mbovu. Tabia yenyewe ni ukigeugeu. Bei au hali ya hewa yaweza kuitwa ya kigeugeu, ingawa “isiyotabirika” inafaa zaidi katika taarifa rasmi. Anayeshindwa kuamua anasitasita, na kusitasita si kugeuka, kwa kuwa hajasimama popote bado. Mwandishi asiye na ushahidi wa mageuko zaidi ya moja aandike “amebadili msimamo”, aishie hapo.