Kutoka "Tuseme" hadi "Waliogeuka Mawe": Lugha ya Kuubuni Ulimwengu kwa Pamoja

Makala hii inakusudia kuchunguza jambo ambalo wataalamu wa fasihi simulizi ya Afrika Mashariki hawajalipa uzito unaostahili, nalo ni namna kundi la watu linavyoubuni ulimwengu mmoja kwa pamoja, na namna lugha inavyobainisha ni lipi katika ulimwengu huo limekwisha kukubaliwa na ni lipi lingali pendekezo tu. Mifano imetolewa pande mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza hazina udugu wowote: michezo ya uhusika ichezwayo leo kwa njia ya intaneti, na nguzo za mawe za Namoratunga zilizo karibu na mji wa Kalokol, magharibi ya Ziwa Turkana.

Ni vema kwanza mchezo wenyewe uelezwe, kwani si kila mwalimu wa lugha amepata kuuona. Mchezo wa uhusika ulianza kuchapishwa nchini Marekani mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons. Wachezaji huketi mezani, kila mmoja akajitwalia mhusika na kusema mhusika huyo anatenda nini. Mmoja wao, msimamizi, hana mhusika wake. Yeye hueleza mandhari na kuwasemea watu wengine wote wa ulimwengu ule, na dadu hurushwa pale ambapo matokeo hayana hakika. Katika desturi hiyo ya awali ulimwengu ulikuwa zaidi mali ya msimamizi. Yeye ndiye aliyechora ramani na kutunga historia, na wenziwe waliingia humo mithili ya wageni waliokaribishwa nyumba ya mtu.

Desturi hiyo imebadilika. Mwaka 2003 Neel Krishnaswami alieleza mchezo uitwao Lexicon, ambamo wachezaji hujifanya wanazuoni wanaotunga kamusi elezo ya ulimwengu usiokuwapo. Kila mmoja huandika kidahizo kwa zamu yake, na sharti lake kuu ni kwamba yaliyokwisha kuandikwa na wengine ni ya kweli. Mwanazuoni anaruhusiwa kumwona mwenziwe kuwa amekosea katika kufasiri, lakini haruhusiwi kuukana ukweli aliousema. Zaidi ya hayo, kila kidahizo hutakiwa kutaja vidahizo vingine ambavyo bado havijaandikwa, ili mwingine apate pa kujaza. Sharti hili la pili lina hekima kubwa kuliko linavyoonekana, kwa maana humlazimisha mtunzi aache matundu katika kazi yake. Katika Microscope, mchezo wa Ben Robbins wa mwaka 2011, wachezaji hubuni historia nzima ya ulimwengu kwa vipande, wakirudi nyuma na kwenda mbele katika wakati wapendavyo. Kisha, tangu zilipokuja programu kama Roll20 mwaka 2012, meza si lazima iwe meza. Wachezaji wanaweza kuwa katika miji mitano, na ulimwengu wao wote ukawa ni maandishi na sauti tu.

Ni kitu gani, basi, kinachouzuia ulimwengu huo usisambaratike? Kanuni moja inayonasibishwa na D. Vincent Baker, mtunzi wa michezo wa Marekani, inasema kwa ufupi kwamba mfumo wa mchezo si kitabu cha sheria wala dadu, bali ni njia yoyote ile ambayo kwayo kundi hukubaliana juu ya matukio ya kubuniwa. Kwa maneno mengine, kauli ya mchezaji haiwi kweli kwa sababu imetamkwa. Huwa kweli kwa sababu imeridhiwa. Hapa ndipo mwanaisimu anapopata kazi, kwa kuwa ridhaa hiyo aghalabu haitamkwi waziwazi. Hakuna anayesimama na kusema "nimekubali." Hujulikana kwa sarufi.

Kiswahili kinalionyesha jambo hili kwa uwazi wa kupendeza. Chukua mchezaji anayesema:

(a) Tuseme ziwa lirudi nyuma.

Kiishio -e katika kitenzi tuseme kinatangaza kwamba hili ni ombi. Watoto wa Kiswahili hutumia umbo hilohilo wanapogawana nafasi katika michezo yao: mimi niwe mama, wewe uwe mgonjwa. Aliyeambiwa awe mgonjwa anaweza kukataa bila kuharibu chochote, maana hakuna kilichokwisha kujengwa. Sasa mchezaji wa pili anaingia:

(b) Wavuvi wakazifuata mashua zao mchangani.

Kiambishi -ka- kina tabia ambayo kila mwalimu wa sarufi anaifundisha, lakini kwa kawaida hufundishwa kama jambo la mfuatano wa wakati peke yake. Kwa kawaida -ka- haianzi habari, huipokea. Hudai kuwe na tendo lililotangulia la kuegemea. Mchezaji aliyesema wakazifuata amekwisha kulikubali pendekezo la mwenziwe, ijapokuwa hakulitaja ziwa hata kidogo. Kwa hiyo -ka- katika mazungumzo ya namna hii ni itikio, ndugu wa "naam" na "enhe" za msikilizaji wa hadithi. Kisha, baada ya muda, mchezaji wa tatu anasema:

(c) Ziwa lililorudi nyuma lilituachia mifupa.

Sentensi hii ikikanushwa kwa kusema "hapana, halikutuachia mifupa," kinachokanushwa ni mifupa. Kurudi nyuma kwa ziwa kunabaki palepale. Jambo lililowekwa ndani ya kirejeshi limetoka katika uwanja wa mabishano. Anayetaka kulipinga hana budi kuisimamisha hadithi, atoke nje ya mchezo, na kusema: "Ngojeni, nani alisema ziwa lilirudi nyuma?" Safari ya jambo la kubuniwa, kwa hiyo, ni safari kutoka kiishio -e kwenda -ka-, na kutoka -ka- kwenda kirejeshi. Wachezaji wanaokutana ana kwa ana wana uso na mkono wa kusaidia kuipima safari hiyo. Wanaoandikiana kwa simu hawana. Kimya cha mwenzao chaweza kuwa ridhaa, au hasira, au mtandao umekatika tu, na ndiyo maana katika mchezo wa maandishi umbo la kitenzi hubeba mzigo mzito zaidi.

Mfano wa ziwa haukutolewa ovyo. Watu wa Kalokol wameliona ziwa likirudi nyuma kweli: katikati ya miaka ya 1980 Ghuba ya Ferguson ilikauka, na kiwanda cha kugandisha samaki kilichokuwa kimejengwa kwa msaada wa Norway hakikufanya kazi iliyotarajiwa. Katika miaka ya karibuni, hususan kuanzia 2020, maji yamepanda tena na kuzihamisha familia zilizokuwa ufuoni. Lakini jambo la Kalokol linalohusu makala hii si maji, ni mawe.

Kando ya barabara ya kutoka Lodwar kwenda Kalokol zimesimikwa nguzo za mawe ya volkano, nyingine zimeinama, zote zikiwa zimekusanyika mahali pamoja. B. M. Lynch na L. H. Robbins walihesabu nguzo 19. Jina Namoratunga hutafsiriwa kwa kawaida kuwa "watu wa mawe," na ndani yake yanasikika maneno ya Kiturkana ya jabali na watu. Katika masimulizi yanayojulikana zaidi, hapo palikuwa na ngoma. Pepo akaja akajiunga na wachezaji, nao wakakicheka kicheko uchezaji wake. Akawalaani, wakawa mawe. Msimulizi wa Kiswahili akiulizwa ni mawe gani yale, jibu lake la kawaida ni kirejeshi: ni watu waliogeuka mawe.

Waturkana hawakuzisimika nguzo hizo. Kwa mujibu wa mwanahistoria John Lamphear, walijitenga na Wajie wa Karamoja, Uganda, takriban karne ya 18, wakashuka kwenye nyanda kavu na kuenea hadi ziwani. Nguzo walizikuta. Utafiti wa akiolojia uliofanywa na Elisabeth Hildebrand na wenzake umeonyesha kwamba maeneo ya nguzo ya Turkana Magharibi ni kazi ya wafugaji wa kwanza wa eneo hilo, yapata miaka 5000 hadi 4000 iliyopita. Katika eneo la Lothagam Kaskazini peke yake, taarifa yao ya mwaka 2018 ilikadiria watu wasiopungua 580 waliozikwa. Basi Waturkana walikuwa katika hali ileile ya mchezaji wa Lexicon anayekuta kidahizo kilichoandikwa na mtu aliyekwisha kuondoka mezani. Jiwe haliwezi kukanwa. Linaweza kufasiriwa tu.

Hawakuwa wa mwisho kulifasiri. Mwaka 1978 Lynch na Robbins waliandika katika jarida la Science kwamba nguzo zimepangwa kuelekea nyota saba au makundi ya nyota yatumikayo katika kalenda ya Waborana, kalenda ambayo Asmarom Legesse alikuwa ameieleza katika kitabu chake cha mwaka 1973. Mwaka 1982 Robert Soper alivichunguza vipimo hivyo upya na kuvitilia shaka. Kwa msomaji wa leo mjadala huo una funzo la kisarufi. Dai la 1978 lilikuwa pendekezo, nalo lilitolewa kwa vipimo ili lipimwe. Lakini katika maandishi mengi ya watalii lilikwisha kuingia ndani ya kirejeshi, yaani "nguzo zilizotumiwa kusoma nyota," kana kwamba hakuna aliyewahi kubisha. Ukweli wa kisayansi nao una njia yake ya kuridhiwa, nayo ni kipimo na kipimo cha kukipinga. Kosa huzuka kauli inapovushwa kutoka pendekezo hadi kirejeshi bila kupita kati.

Hadithi ya pili ya Waturkana inaonyesha ridhaa ikifanya kazi kubwa zaidi ya burudani. Ni ile ya Nayece, mwanamke wa Kijie aliyeshuka kwenye nyanda za Turkana, na fahali wa kijivu Engiro. Husimuliwa na pande zote mbili za mpaka, na kilima cha Moru Anayece, katika bonde la mto Tarach ambao hupita pia Kakuma, hubeba jina lake. Mustafa Kemal Mirzeler, katika kitabu chake cha mwaka 2014 juu ya wasimulizi wa Karamoja na Turkana, ameonyesha jinsi masimulizi hayo yanavyohusishwa na mambo ya udugu na amani kati ya jamii hizi mbili, ambazo zimepata kushambuliana kwa ajili ya mifugo na pia kugawana malisho wakati wa ukame. Ikiwa Wajie wanakubali kwamba Nayece ni binti yao, na Waturkana wanakubali kwamba ni mama yao, basi mwenye kuomba maji kisimani si mgeni. Kila upande unaweza kuongeza utakalo juu ya njia aliyopita na matunda aliyochuma. Lakini atakayeifuta asili ya Nayece atakuwa amefuta hoja ya mwombaji maji. Kiini cha hadithi kimefungwa kwa sababu kuna watu wanaokitegemea, na pembezoni pameachwa wazi kwa sababu ndipo kila msimulizi anapopata nafasi yake.

Hapa istilahi za fasihi simulizi zinaanza kubana. Vitabu vya shule vimezoea kuwagawa watu katika fanani na hadhira, mmoja akitenda na wengine wakipokea. Mgawanyo huo hauufai mchezo wa uhusika, ambamo kila mtu ni fanani kwa zamu na hadhira kwa zamu. Wala hauifai sana ngoma. Kwa yule anayeitwa hapa msimamizi, yafaa wataalamu walifikirie neno manju. Manju ni kiongozi wa ngoma na mtungaji wa nyimbo zake, lakini bila waitikiaji hana ngoma. Msimamizi ni neno la kiwandani. Litaeleweka, ni kweli, ila litaficha kwamba mamlaka yake yanatoka kwa wale anaowaongoza.

Swali gumu zaidi ni la haki ya kukataa. Wachezaji wa sasa wamelitengenezea vyombo maalumu. Kimoja ni kadi yenye alama ya X, iliyobuniwa na John Stavropoulos: mchezaji yeyote akiigusa, jambo lililotoka kusemwa huondolewa bila yeye kulazimishwa kueleza sababu. Mezani, wanaostahili kuigusa wanajulikana. Lakini mtunzi aliye mbali anapoichukua Namoratunga na kuifanya sehemu ya ulimwengu wa mchezo wake, akaongeza mashetani, hazina na milango ya siri chini ya nguzo, mtu wa Kalokol hana kadi ya kugusa. Hakualikwa mezani. Na kwa kuwa yaliyoandikwa kwenye intaneti husomwa na wengi kuliko yanayosimuliwa Kalokol, haikosi siku mwanafunzi wa Lodwar akakutana na Namoratunga kwa mara ya kwanza katika umbo hilo, likiwa tayari limevikwa kirejeshi. Kuwazuia watunzi haiwezekani, na pengine haifai. Waturkana wenyewe walijenga juu ya kazi ya wengine. Linalowezekana ni idara za lugha kukusanya masimulizi ya Namoratunga kwa Kiturkana, kwa sauti na kwa maandishi, kila moja likiandikwa ni la nani na lilisimuliwa wapi, pamoja na maitikio ya wasikilizaji, ambayo wakusanyaji wengi huyakata wakidhani ni kelele.

Katika ukusanyaji huo kuna jambo moja dogo la kuangaliwa. Juu ya baadhi ya nguzo huonekana vijiwe vilivyowekwa na wapitao, kimoja juu ya kingine. Kila aliyeweka alikuta vya wenziwe, akaongeza chake bila kuviangusha. Yafaa waulizwe wanapoweka husema nini, na kitenzi wanachokitumia kina umbo gani.