Buti la Mlima: Nani Analihitaji, Nani Analilipia

Buti la kupandia mlima lina masoko matatu mjini Moshi, na masoko hayo hayakutani. Mgeni wa kwanza hufika nalo mguuni kutoka Munich au Denver, akiwa amelinunua kwa bei ya duka la kwao. Wa pili, ambaye begi lake limekwama uwanja wa ndege au ambaye haoni sababu ya kutoa mamia ya dola kwa safari ya wiki moja, hukodi: ama kwenye maduka ya vifaa yaliyo jirani na hoteli, ama kwenye stoo ya kampuni iliyompokea. Soko la tatu ni la wagumu, kama wapagazi wa Kilimanjaro wanavyojiita. Wao huchambua mitumba kwenye soko la Memorial, huazima kwa ndugu, au hupanda na raba.

Kibiashara, hesabu hii imekaa kichwa chini miguu juu. Mgeni wa kawaida hupanda mara moja maishani, kisha buti lake linarudi kabatini. Mgumu hupanda tena na tena kila msimu, kwa njia zilezile za Machame, Marangu, Lemosho na Rongai, akiwa na mzigo ambao kanuni zimeuwekea ukomo wa kilo 20. Anayehitaji kiatu cha kudumu kuliko wote mlimani ndiye ambaye viwanda havimhesabu kuwa mteja.

Viwanda hivyo, vile vya majina makubwa, vingi vilizaliwa chini ya milima ya Alps. Familia ya Meindl huko Bavaria inahesabu historia yake ya ushonaji kuanzia mwaka 1683. Hans Wagner alianzisha Hanwag mwaka 1921 katika kijiji cha Vierkirchen, na ndugu yake Lorenz akafungua Lowa mwaka 1923 huko Jetzendorf. Upande wa Italia ziko La Sportiva ya mwaka 1928 na Scarpa ya mwaka 1938, na mji wa Montebelluna wenye karakana za mabuti zilizorithishwa kutoka baba hadi mwana. Marekani ina Danner, iliyoanza Wisconsin mwaka 1932 na kuhamia Portland miaka minne baadaye. Siku hizi majina mengi yamebadilisha mikono. Lowa iliingia kundi la Tecnica la Italia mwaka 1993, Hanwag ikanunuliwa na Fenix Outdoor ya Sweden mwaka 2004, na Danner ikafuata mmiliki wake kwenda kwa ABC-Mart ya Japani mwaka 2012. Sehemu ya ushonaji nayo imehamia Romania, Vietnam na China. Kwa hiyo jina la Kijerumani kwenye ulimi wa kiatu halimwambii mnunuzi kilishonwa wapi.

Soli ina historia yake, tena ya msiba. Mwaka 1935 Vitale Bramani, mpanda milima wa Milano, aliwapoteza wenzake sita kwenye Alps baada ya hali ya hewa kubadilika ghafla. Mabuti ya wakati ule yalikuwa na soli za ngozi zilizopigiliwa misumari. Bramani alisaidiwa fedha na kampuni ya matairi ya Pirelli, na mwaka 1937 akatoa soli ya mpira yenye meno makubwa. Ndiyo Vibram, jina lililokatwa kutoka majina yake mawili. Waitaliano walipokifikia kilele cha K2 mwaka 1954, soli hiyo ilikuwa miguuni mwao.

Muuzaji humsifia mteja ngozi kwanza, lakini buti huanza kufa kuanzia chini. La kutazama mapema ni namna soli ilivyoshikamana na sehemu ya juu. Mabuti mengi ya leo yamegandishwa kwa gundi pekee: ni mepesi, yanatengenezwa haraka, na bei yake ni nafuu. Mengine yameshonwa pembeni kwa uzi mzito, kwa mtindo ambao mashine yake iliboreshwa na Charles Goodyear mdogo, aliyepata hataza mwaka 1871. La kushonwa ni zito na ghali zaidi, lakini soli ikilika hutolewa na kuwekwa nyingine. Kampuni kadhaa za Ulaya hubadilisha hata soli za gundi, ila karakana zao ziko Ulaya. Fundi viatu wa Moshi ana sindano, uzi na ujuzi. Hana mashine ya kubana soli ya kiwandani. Kwa anayeishi Afrika Mashariki, buti linaloweza kufunguliwa na fundi wa mtaani lina thamani kuliko lenye sifa nyingi kwenye boksi.

Kuna tabaka jingine ambalo wanunuzi wengi hawalijui, nalo ndilo linalowaumiza zaidi. Kati ya mpira wa chini na ngozi ya juu hukaa soli ya kati, laini, inayopokea mshindo. Ikiwa ya povu la EVA, ni nyepesi, lakini hulala na kuwa bapa baada ya safari nyingi. Ikiwa ya poliyurithani, hubeba uzito vizuri na kudumu, ila ina adui mmoja: unyevu. Maji yaliyo hewani huvunja polepole minyororo ya kemikali inayoishikilia, na joto huongeza kasi. Hali hiyo hulipata hata buti ambalo halijavaliwa. Baada ya miaka kati ya 5 na 10, soli ya kati inaweza kugeuka makombo, na buti linalong'aa kama jipya likaachia soli siku ya kwanza ya safari.

Sasa fikiria robota la mitumba. Buti limekaa kabatini Ulaya miaka kadhaa, likasafiri kwenye kontena lenye joto, likangoja ghalani bandarini, kisha likapakwa kiwi hadi likapendeza. Ngozi yake ni nzima na meno ya soli hayajalika, kwa sababu mwenyewe alilitumia mara chache. Ni mali safi machoni, na huenda ni hasara mguuni. Kipimo chake hakina gharama: bonyeza kwa nguvu ubavu wa soli ya kati kwa kidole gumba, kisha likunje buti mara kadhaa. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, unga ukidondoka, au soli ikibaki na alama ya kidole, liache hapo hapo. Wenye maduka ya kukodisha wangepaswa kufanya hivyo kabla ya kila msimu, kwa sababu mtu anayeachwa na soli akiwa kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600 juu ya usawa wa bahari, hana duka la kukimbilia.

Mitumba yenyewe ina siasa zake. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa nguo na viatu vilivyotumika ifikapo 2019. Marekani ikaweka shinikizo kupitia AGOA, mpango wake wa nafuu ya ushuru kwa bidhaa za Afrika. Rwanda iliposhikilia msimamo wake, ilisimamishiwa nafuu ya ushuru kwa mavazi yake mwaka 2018. Kenya, Tanzania na Uganda zilirudi nyuma, na marobota ya viatu yanaendelea kufunguliwa Gikomba jijini Nairobi na Memorial mjini Moshi.

Raha ya mguu ni suala jingine, na hapo bei haisaidii kitu. Buti lijaribiwe jioni, mguu ukiwa umevimba kwa shughuli za mchana, na livaliwe na soksi nene ileile itakayotumika mlimani. Kisigino kisinyanyuke ndani. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya karibu sentimita moja, na sababu yake ni mteremko. Anayeshuka kwa njia ya Mweka hutoka mita 5,895 hadi takriban mita 1,640 katika muda wa siku mbili, vidole vikigonga ncha ya kiatu kila hatua. Kucha nyingi zinazong'oka Kilimanjaro huharibika wakati wa kushuka. Buti linalobana lina hatari nyingine usiku wa kilele, halijoto inaposhuka chini ya sifuri: soksi mbili zilizosongamana huzuia damu, na vidole vinakufa ganzi.

Upana nao usisahaulike. Mabuti ya Ulaya mengi hushonwa juu ya kalibu nyembamba, wakati tafiti za nyayo zimeonyesha kuwa watu waliokulia pekupeku huwa na mguu mpana zaidi mbele. Mtu wa namna hiyo akiongeza saizi ili apate upana, buti huwa refu, kisigino kinaogelea na malengelenge yanafuata. Atafute kampuni zinazotoa kalibu pana, na buti la ngozi nzito alizoeshe mguu wiki kadhaa kabla ya safari. Uzito pia ni gharama. Vipimo vimeonyesha kuwa kilo moja mguuni humchosha mtu mara nne hadi sita ya kilo hiyo ikiwa mgongoni.

Mwindaji, mteja mwingine wa mabuti, ana mahitaji tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, lakini Tanzania bado ina vitalu vya uwindaji wa kitalii, na kwenye miombo buti zito la Alps ni mzigo mtupu. Kinachotakiwa huko ni buti jepesi, lenye soli tulivu isiyopiga kelele kwenye majani makavu, lakini ngumu ya kutosha kuzuia mwiba wa mgunga. Mfano mzuri uko Bulawayo, Zimbabwe. Kampuni ya Courteney, iliyoanzishwa mwaka 1991, hushona kwa ngozi za wanyama kama nyati na kudu, na wateja wake ni pamoja na wawindaji wa Marekani na Ulaya. Jina lake limetoka kwa mwindaji Mwingereza Frederick Courteney Selous, aliyeuawa vitani karibu na Beho Beho mwaka 1917, ndani ya eneo ambalo leo ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Karakana ya Kiafrika imeuza kwa bei ya kimataifa kwa kutengeneza kiatu cha pori inalolijua.

Anayeagiza buti la kuwindia kutoka nje aangalie rangi pia. Mengi huja na kitambaa cha mabaka, na Agosti 2023 Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) lilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare za jeshi.

Utando wa kuzuia maji, ambao Danner iliutia kwenye buti lake mwaka 1979 kwa kutumia Gore-Tex, unafaa kwenye msitu wa mvua wa Machame. Kwenye joto la pori kavu hufungia jasho, na buti likilowa ndani huchelewa kukauka. Teknolojia yenyewe inabadilika: Ufaransa imezuia kemikali za PFAS, zilizozoeleka kwenye utando wa aina hii, kwenye nguo na viatu kuanzia Januari 2026, na Gore ilikwisha kuleta utando mpya usio na kemikali hizo tangu 2022.

Je, Afrika Mashariki inaweza kushona buti lake la mlima? Bata imekuwa na kiwanda Limuru, Kenya, kwa miongo mingi. Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Karanga, mjini Moshi kwenyewe, kipo kiwanda cha ngozi na viatu cha ubia wa mfuko wa pensheni wa PSSSF na Jeshi la Magereza. Ipo pia kumbukumbu chungu ya Kiwanda cha Viatu Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia ili kitoe jozi milioni 4 kwa mwaka na kuuza sehemu kubwa Ulaya. Hakikuwahi kufikia hata asilimia 5 ya uwezo wake, kikafungwa mwaka 1990. Kilipangiwa mteja wa mbali kabla hakijamjua wa jirani.

Mteja wa jirani yupo. Nyuma ya kila mgeni anayepanda huwa kuna watu watatu au zaidi wanaopanda naye, na KPAP, shirika la kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, limekuwa likiwaazima wapagazi nguo na viatu bure tangu 2003 kwa sababu soko halijawafikia. Kampuni za utalii zikiungana kuagiza buti moja la wagumu, pana mbele, la kushonwa, lenye soli inayobadilishwa na fundi wa Moshi, Karanga itakuwa na oda inayojirudia kila mwaka. Vyama vya waongozaji na wapagazi vipeleke ombi hilo kiwandani kabla ya msimu ujao, na kampuni zinazotoza maelfu ya dola kwa safari moja zilipie jozi za kwanza.