Hodi ya Usiku kwa Balozi

Wanachama wetu walio mabalozi wa nyumba kumi wanaijua hodi ya usiku. Anayebisha ni mwanamke, mtoto mmoja mgongoni, wa pili kamshika mkono, mdomo umevimba. Balozi huvaa shati lake, humwita mume, huwaketisha wote wawili barazani, kisha huuliza: mmegombania nini? Mume hueleza kwamba chakula kilichelewa, au kwamba aliulizwa habari za mshahara kwa sauti ya juu. Mke hutazama chini. Kabla ya alfajiri mume ameonywa, mke ameusiwa avumilie na achunge ulimi wake, wameshikana mikono na kurudi kwao. Balozi hulala akiamini ametengeneza ndoa ya watu.

Sisi twasema hakutengeneza kitu.

Hatusemi hivyo kwa kuwadharau mabalozi. Mfumo wa nyumba kumi ulianzishwa na TANU katika miaka ya 1960 ili Chama kiwe karibu na mlango wa kila mwananchi, na katika jambo hili karibu sana kiko. Ni kweli kwamba tangu nchi irudi katika vyama vingi mwaka 1992 balozi ni kiongozi wa Chama tu, wala hana mamlaka ya serikali. Lakini mwanamke anayekimbia usiku hasomi katiba. Hukimbilia mlango anaoujua. Kwa hiyo Chama hakiwezi kusema kwamba mambo ya chumbani hayakihusu, maana yamekwisha kufika barazani kwake.

Kosa limo katika lile swali la kwanza. Ugomvi ni wa watu wawili, bali kipigo kina mpigaji na mpigwaji. Mwenye kumwuliza mwanamke habari za kipigo mbele ya aliyempiga anamtaka achague kati ya kusema kweli na usalama wake wa usiku unaofuata. Akinyamaza, yasemekana ameridhika. Na suluhu hutaka kila upande uache kitu: mume aache nini, na mke aache nini zaidi ya ile haki ya kutopigwa?

Haki hiyo si ya kuombwa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, inayotumika Tanzania Bara, ilianza kazi tarehe 1 Mei ya mwaka huo, yaani Sikukuu ya Wafanyakazi, na wafanyakazi wangefaa kuikumbuka siku hiyo kwa sababu hiyo pia. Kifungu chake cha 66 chatamka kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kipigo, hata kama mila yasema vingine. Kifungu chenyewe hakikutaja adhabu, na wako wanaokidharau kwa ajili hiyo. Wamesahau kwamba Kanuni ya Adhabu yajua kosa la shambulio na la kudhuru mwili, wala haikumsamehe mpigaji kwa kuwa ni mume.

Kwa wale wasemao kwamba kumpiga mke ni mila yetu, jibu lilikwisha kutolewa na Mwalimu Nyerere mwaka 1967 katika Ujamaa Vijijini. Aliyasifu maisha ya jadi kwa mengi, lakini hali duni ya wanawake aliitaja waziwazi kuwa mojawapo ya kasoro zake.

Hata hivyo imani ni nzito kuliko sheria. Katika utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016, wanawake 58 katika kila 100 walikubali kwamba ipo angalau sababu moja ya haki ya mume kumpiga mkewe. Wanaume waliokubali walikuwa 40. Msomaji asishangae kuona wanawake wamezidi. Mtu asiyeweza kulikwepa jambo hulitafutia uhalali ili aweze kuishi nalo. Katika utafiti huo huo wanawake 40 kwa 100, wa umri wa miaka 15 hadi 49, walisema wamekwisha kupigwa tangu wafikie miaka 15. Utafiti wa mwaka 2022 ulipata 27. Twaifurahia nafuu hiyo, lakini 27 ni zaidi ya robo.

Wengi huilaumu pombe. Pombe huzidisha, hatukatai. Lakini yule ndugu aliyelewa amepita njiani mbele ya wanaume kumi asimguse hata mmoja, na kesho msimamizi wake kazini akimkaripia atainama. Mkono wake wajua pa kutua.

Huulizwa pia kwa nini mwanamke asiondoke. Mara nyingi ni kwa sababu ya ugali wa watoto. Yafaa ajue, na balozi ajue kabla yake, kwamba ukatili ni ushahidi mahakamani kuwa ndoa imevunjika, na kwamba mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Hatoki mikono mitupu kwa kuwa hakuwa na mshahara. Lakini kuondoka kwenyewe kuna hatari. Wengi wameuawa walipokuwa wakiondoka, au mara tu baada ya kuondoka. Balozi akisikia kwamba mume alimkaba mkewe koo, asitulizwe na kukosekana kwa jeraha. Kukabwa huacha alama ndogo, nako ni dalili mbaya kuliko jino lililong'oka.

Na yule mtoto aliyeshikwa mkono? Hakuna amwulizaye. Utafiti wa mwaka 2009 juu ya ukatili kwa watoto ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya vijana wetu, wake kwa waume, walipigwa kabla ya kutimiza miaka 18, na karibu wasichana watatu katika kila kumi walifanyiwa ukatili wa kijinsia. Hapa ndipo tuna ukali zaidi, kwani twajua yatendekayo: mtoto ameharibiwa na jamaa wa nyumbani, wazee wanakaa, fedha zinahesabiwa, na jambo linaitwa limekwisha. Kwa nani limekwisha? Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yamwajibisha kila mwanajamii mwenye habari kwamba haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa serikali ya mtaa au kijiji chake. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI yatakiwa ianzwe ndani ya saa 72, na kikao cha wazee huweza kuzimaliza zote.

Basi balozi afanyeje? Amsikilize mwanamke peke yake, mume akiwa mbali, na mke wa balozi au mama mwingine wa shina akiwapo. Asimrudishe usiku ule. Amsindikize hospitali, na polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, ipatikane fomu ya PF3 ambamo daktari huandika majeraha, kwa sababu bila ya maandishi hayo kesi hulegea. Amwarifu mwenyekiti wa mtaa, na ile Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto kama iko hai. Kama imelala, UWT wa tawi waiamshe. Suluhu abaki nayo kwa wagombeao mpaka wa shamba.

Wako watakaosema balozi wa namna hiyo atachukiwa mtaani. Atachukiwa na baadhi. Twaomba makatibu wa matawi waliweke jambo hili katika mkutano ujao, wawaulize mabalozi ni hodi ngapi walizipokea mwaka huu na wanawake hao wako wapi sasa. Na juu ya mlango wa kila balozi iandikwe namba 116, simu ya kuwasaidia watoto isiyo na malipo, kwa herufi kubwa ambazo mtoto wa darasa la pili aweza kuzisoma.