Utumbo Hujifanya Upya

Ukitazama utumbo wa mbuzi aliyechinjwa, waweza kudhani kuwa ni kama mpira mrefu tu, wenye utelezi. Lakini upande wake wa ndani una maajabu. Katika utumbo mwembamba, ambao kwa mtu mzima wapata mita 6 hivi, utando wa ndani umejaa vinyama vidogo mno, vilivyosimama kama vidole, na kati yake mna vishimo. Vidole hivyo ndivyo vinyonyavyo chakula na kukitia katika damu.

Kazi hiyo ni nzito. Mchana na usiku utando ule husuguliwa na chakula, tena huguswa na maji makali yawezayo kuyeyusha nyama. Mbona basi hauliki ukaisha? Kwa kweli waliwa, ila kila kiliwacho hupata badala yake. Seli zake, yaani vile vijisehemu vidogo vilivyoujenga mwili, nyingi huishi siku 3 mpaka 5 tu, kisha hubanduka zikatoka pamoja na choo.

Seli mpya zatoka wapi? Fikiri habari za mgomba. Ukiisha kuzaa hukatwa, wala hauzai tena. Lakini chini ya udongo limebaki shina lenye uhai, nalo huchipuza mgomba mwingine. Ndivyo ilivyo katika vile vishimo. Chini kabisa hukaa seli chache ziitwazo seli shina. Hizo hugawanyika daima, na watoto wake hupanda juu polepole, wakishika kazi zao njiani, hata wafikapo ncha ya kidole wakafa.

Mwaka 2007, katika nchi ya Uholanzi, Nick Barker na Hans Clevers walizitambua seli hizo kwa alama iliyo juu yake. Mwaka 2009 mwenzao Toshiro Sato, Mjapani, alitwaa seli shina moja ya utumbo wa panya, akailea ndani ya chombo. Seli ile moja ikakua ikawa kifuko chenye vishimo vyake, mfano wa utumbo mdogo!

Jambo hili si mchezo. Wako watu wenye ugonjwa wa vidonda katika utumbo mpana, ambao hutokwa na damu chooni kwa miaka mingi, na dawa zikishindwa huenda wakakatwa utumbo huo wote. Mwaka 2012 wataalamu wa Tokyo walipanda seli zilizolelewa hivyo katika panya wenye vidonda. Zikashika, zikafunika mahali palipochubuka. Mwaka 2022, katika mji uo huo, mgonjwa mmoja alipandiwa seli zilizotoka katika sehemu nzima ya utumbo wake mwenyewe, nazo zilipitishwa kwa mpira mwembamba, bila kumpasua tumbo. Tiba hiyo ingali yajaribiwa, kwani madaktari wataka kujua kwanza kama haina madhara, na kama kilichopandwa kitadumu.