Je, Wajua? Mizinga ya Melini Iliyopigana Nchi Kavu

Unaijua Fort Jesus ya Mombasa? Basi pale kuna mizinga miwili iliyokuwa mahasimu. Mmoja ulitoka kwenye Königsberg, manowari ya Wajerumani. Wa pili kwenye Pegasus ya Waingereza. Tarehe 20 Septemba 1914 Königsberg iliivamia Pegasus ikiwa imetia nanga Zanzibar kwa matengenezo, ikaizamisha. Leo mizinga yao ni majirani, na watalii wanaipiga picha!

Je, wajua meli zilizoikomesha Königsberg ziliundwa kwa ajili ya Brazili? Ndiyo, Brazili, zifanye doria kwenye mto Amazon! Ziliitwa Severn na Mersey. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza Uingereza ikazichukua, na tarehe 11 Julai 1915 zikaimaliza Königsberg ilipojificha, kwenye delta ya Rufiji.

Meli ikaisha, mizinga ikabaki. Mizinga yote 10 iling'olewa mle mtoni, mamia ya watu wakaivuta kwa kamba hadi Dar es Salaam, na mafundi wa karakana ya reli wakaiwekea magurudumu. Ikazunguka na jeshi la Wajerumani porini, mbali na bahari. Kwa maoni yangu, waliovuta kamba zile ndio waliostahili medali.

Wewe wa Gisenyi, hebu pima nguvu ya mizinga hiyo. Kombora moja lilikuwa na uzito wa kilo 17 hivi, na mzinga uliweza kulitupa kilomita 12. Uweke hapo ufukweni kwetu, uelekeze kusini: kombora litapita juu ya kiwanda cha bia cha Bralirwa kule Nyamyumba na bado lina safari. (Bia isiguswe, jamani.)

Ulidhani vita vile vilikuwa vya Wazungu kwao Ulaya? Siku nne tu baada ya Pegasus kuzama, tarehe 24 Septemba 1914, Wajerumani walivuka Ziwa Kivu wakawanyang'anya Wabelgiji kisiwa cha Idjwi! Wabelgiji walilipiza mwaka 1916. Wakiwa na askari wao Wakongomani waliingia Kigali tarehe 6 Mei, wakasonga mbele hadi Tabora, wakaichukua tarehe 19 Septemba. Siku ukifika Brussels, tafuta barabara iitwayo Rue de Tabora. Ipo katikati ya jiji!

Je, wajua kati ya ile mizinga 10 ya Königsberg, iliyosalia ni mitatu tu? Mmoja ndio huo wa Mombasa, mwingine uko Jinja, Uganda, na wa tatu uko Pretoria, mbele ya majengo ya serikali ya Afrika Kusini. Manowari moja, nchi tatu!

Na hii je? Mwaka 1894 Mjerumani Graf von Götzen alipita Rwanda hadi ziwani hapa Kivu, akawa Mzungu wa kwanza kuliona. Baadaye meli ikapewa jina lake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa kwenye makasha 5,000, ikafika Kigoma kwa treni na kuungwa upya! Ikafungwa mzinga mmoja wa Königsberg, ikatawala Ziwa Tanganyika. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe, ila kwanza wakaipaka mitambo grisi isishike kutu. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Ndiyo, Liemba ile ile ya abiria wa Kigoma!

Lakini subiri, kuna utundu hapo. Kabla meli haijazamishwa, mzinga wake ulihitajika nchi kavu, ukaondolewa. Inasimuliwa kwamba mahali pake Wajerumani walisimamisha mzinga wa mbao, na Waingereza waliouona kwa mbali hawakuthubutu kusogea. Wewe ungesogea?