Saratani Ikitulia, Hofu Haitulii

Daktari akisema vipimo havionyeshi tena saratani, nyumbani hupigwa vigelegele. Ndugu hutoa sadaka ya shukrani au husomesha dua, na mgonjwa huambiwa asahau yaliyopita. Hasahau. Mgongo ukimuuma baada ya kufua, hajui kama ni uchovu tu au ugonjwa umerudi. Akithubutu kulitaja hilo, hujibiwa: usijitabirie mabaya. Jibu hilo hutolewa kwa mapenzi, lakini humfunga mdomo mtu anayehitaji sana kusikilizwa.

Hofu yake si upungufu wa imani. Uvimbe wa sentimita moja huwa na seli mamia ya mamilioni, na seli chache zilizobaki mwilini hazionekani kwa kipimo chochote cha picha. Daktari anayesema "kwa sasa hatuuoni ugonjwa" amesema kweli yote aliyonayo. Kumbana atoe ahadi ni kumlazimisha aseme asilolijua.

Wengi hushika miaka mitano kama mpaka wa usalama, ilhali kila saratani ina mwendo wake. Limfoma ya Burkitt, ambayo daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 kutokana na watoto aliowatibu Uganda, ikirudi hurudi mapema, mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza. Mtoto akivuka salama miaka miwili baada ya matibabu, wazazi wake wana sababu ya kupumua. Saratani ya matiti inayochochewa na homoni ni tofauti: inaweza kurudi hata baada ya miaka 10 au 20. Ndiyo maana wanawake wengi wenye saratani hiyo huandikiwa dawa ya tamoksifeni kwa miaka 5, wengine hadi 10, ingawa wanajisikia wazima. Hapa ndipo ninapopata wasiwasi zaidi. Dawa ya mtu asiyeumwa ni rahisi kuachwa, hasa nauli ya kutoka mkoani hadi hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, inapogombana na ada ya shule.

Mwaka 1985 daktari Mmarekani Fitzhugh Mullan, aliyepata saratani akiwa na umri wa miaka 32, aliandika katika New England Journal of Medicine kuhusu kipindi kinachofuata matibabu, ambacho hutawaliwa na hofu ya ugonjwa kurudi. Alitaka kipindi hicho kihudumiwe kama sehemu ya ugonjwa wenyewe. Kwetu hofu hiyo bado huachiwa mgonjwa na mto wake wa usiku.

Familia nyingine hujichangisha ili mgonjwa apigwe picha za mwili mzima kila mara. Kwa saratani ya matiti isiyo na dalili mpya, tafiti hazijaonyesha kwamba picha hizo hurefusha maisha. Kinachoshauriwa ni kuchunguzwa na daktari kwa ratiba na mamogramu, yaani eksirei ya matiti, kila mwaka. Mgonjwa na anayemuuguza wamuulize daktari dalili zipi zisisubiri: maumivu ya mfupa yasiyokoma, kikohozi kisichoisha, uzito unaopungua bila sababu. Anayezijua hizo halazimiki kushtukia kila kichomi.

Kama nyumbani kwako yupo aliyemaliza matibabu, muulize tarehe yake ya kliniki, tafuteni nauli mapema, na umsindikize. Akikwambia anaogopa, msikilize hadi amalize.